Nane kati ya Kumi

Aisifuye mvua imemnyea.
Mimi sikuja kuisifu,
ila ilininyea, Jumanne, saa nne asubuhi,
kwenye jangwa la New Mexico, nyuma ya kambi,
mbingu kavu kama kigae.

Tulitia saini. Tuliahidiwa mapumziko ya siku mbili
na nyama ya kuchoma.
Daktari alituvua miwani, mikanda, sarafu,
akamtoa kundini mwenye chuma gotini,
akamtoa aliyeungua mgongo utotoni,
kisha, kwa sauti ya kumlaghai mtoto mbele ya sindano:
"Ukishindwa, ruka mstari.
Maumivu yatabaki pale, wewe utakuwa hapa."

Mstari ulikuwa wa chokaa.
Kushoto uwanja mtupu,
kulia uwanja mtupu
mpaka milimani.

Lori lilisimama mbali, bamba mgongoni
mfano wa dishi la televisheni.
Hapakuwa na mlio. Hapakuwa na mwanga.
Mlango wa tanuri ulifunguliwa tu mahali fulani
nami nikasukumwa ndani, kifua mbele.
Sekunde ya kwanza nilitukana.
Ya pili nilisahau kwamba naitwa Delfino.
Ya tatu nilikuwa nje ya chokaa, nacheka,
naitafuta ngozi yangu, naikuta yote,
nyekundu kidogo, kama ya mtu aliyesinzia juani.

Karani akauliza: moja mpaka kumi?
Nikasema nane.
Akaandika nane.

Mchana wakatupanga kumi na wawili, bega kwa bega,
tuigize umati.
Wakatugawia mabango yasiyoandikwa kitu,
maana hatukuwa tukidai chochote.
Safari hii waliweka uzio pande mbili,
kwa sababu mji, alisema mhandisi, una kuta.
Mbele yangu Wendell Tsosie,
aliyeniazima soksi alfajiri ile
yangu yalipokuwa hayajakauka.

Tanuri likafunguka.

Sikuamua. Naapa sikuamua.
Miguu iliamua, mikono ikaitii,
nikamkuta Wendell njiani, nikamfanya ngazi.
Vidole vyake vikaalika chini ya buti langu
kama kuni za msimu wa kiangazi.

Ripoti niliisoma baadaye.
Mionzi haikumjeruhi mtu.
Vidole viwili: ajali ya kawaida, kujikwaa.
Na ni kweli, nisimsingizie mhandisi.
Mionzi haikumvunja.
Mimi ndiye niliyemvunja.
Lakini kwenye karatasi yao hapakuwa na kisanduku
cha kuuliza: je, ulimkanyaga nani,
moja mpaka kumi?

Wendell hakunilaumu.
Alinidai soksi zake tu.
Nilimrudishia, nimezifua mara mbili.

Siku hizi natengeneza lifti za hospitali.
Binti yangu Eloísa anaishi Portland,
jana kanipigia simu usiku:
"Kesho tunaandamana, baba, usiogope.
Wametangaza wenyewe, ni silaha isiyoua."
Isiyoua.
Nikanyamaza kwa muda wa sekunde tatu,
nazijua urefu wake.

Nani atapita kesho mitaani
akiwatoa wenye chuma magotini,
wajawazito, wazee wa magongo,
mtoto aliye begani kwa baba yake?
Chokaa nani ataichora?
Na huko darajani, milima iko upande gani?
Na kijana wa lorini, amekesha zamu mbili,
jasho machoni, matusi masikioni,
kidole chake kitajuaje
kwamba tatu imekwisha kuwa tisa?

Sikumwambia hayo.
Nilimwambia avae viatu vya kamba, afunge fundo mbili.
Nikamwambia asikae katikati.
Nikamwambia, "Ukifika tu,
muulize jina aliye nyuma yako,
naye umtajie lako.
Mrudie mara mbili, alishike."

Akacheka, sauti ya mama yake kabisa.
"Nyuma kwa nini, baba?
Polisi watakuwa mbele."